Keria ya Mjomba

Lusiana alijua mjomba wake amekubali tangu alipoona kuku wanachinjwa. Mjomba Saturnini, kiongozi wa kanisa pale Mnero, ndiye aliyekuwa ameapa mbele ya ukoo kwamba mtoto wa dada yake haolewi na Mwislamu yeye akiwa hai. Asubuhi ile alimfuata mwenyewe jirani yake, mzee Kaimu, akamwomba aje awachinjie, ili wageni wa kutoka Ruangwa wapate kula bila wasiwasi. Hakueleza zaidi. Alirudi akaketi kwenye kiti chake akaanza kukata kucha. Lakini hakuna mtu anayemchinjia kuku mgeni anayetaka kumfukuza, na Lusiana aliingia jikoni akalia kidogo, kile kilio cha furaha ambacho mtu hukisingizia moshi.

Mama yake, Agatha, hakumuuliza kitu. Alimwambia tu akaoshe uso, wageni wasije wakamkuta amevimba macho wakadhani analazimishwa.

Kwa watu wa kule baba huzaa, lakini neno la ndoa ni la mjomba. Mjomba akisema hapana, hata mapenzi yawe makubwa namna gani, mtakwenda kuyalia huko mnakojua. Na Saturnini alikuwa amesema hapana kwa mwaka mzima. Alisema kwa upole, alisema kwa ukali, na mara moja alisema kwa kunyamaza tu, na huko kunyamaza ndiko kulikomtesa Lusiana kuliko matusi. Ila moyo ukishapenda hausikii la mwadhini wala la kengele.

Aliyependwa mwenyewe alikuwa Bashiri, fundi pikipiki wa mjini Ruangwa, kijana mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotakata grisi hata siku ya Idi. Gereji yake ilitazamana na duka la dawa alilokuwa akiuza Lusiana. Ukiwauliza walianza kupendana lini, kila mmoja atakutajia siku yake. Lakini penzi lao lilikomaa kwenye baiskeli.

Mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake machimboni alimwachia Bashiri fremu tupu. Ilikuwa fremu ya kaboni, nyeusi tii, nyepesi kiasi kwamba Lusiana aliinyanyua kwa vidole viwili, akacheka, akasema hii si baiskeli, hii ni mifupa ya baiskeli. Vilivyobaki Bashiri alivitafuta kimoja kimoja. Shokapu ya mbele ilitoka Moshi, magurudumu yalitoka kwa muuza mitumba wa Dar, breki za diski zilikuja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Kila jioni duka likifungwa Lusiana alivuka barabara kwenda kumshikia taa, na baada ya muda akawa anashika spana. Watu wa mtaani walicheka. Wengine wanapelekana kula chipsi, walisema, hawa wanapelekana kufunga gia.

Kulikuwa na spana moja ya kipimo, ambayo nati ikifikia mkazo wake hulia tik, na hapo unaacha. Bashiri alimfundisha Lusiana kuitumia akiwa amesimama nyuma yake, mkono juu ya mkono, na nadhani hakuna msichana aliyewahi kuchelewa kuelewa jambo jepesi kama Lusiana alivyochelewa jioni ile.

"Chuma ukikibana sana kinapinda, unakinyoosha," Bashiri alimwambia. "Hii haipindi. Inavumilia kimya, halafu siku moja inaachia yote. Na kwa nje huoni kitu."

Lusiana akamuuliza utajuaje basi. Bashiri akatoa sarafu mfukoni, akagonga bomba la fremu taratibu. Mlio ulikuwa mkavu na safi. Ikiumia, alisema, mlio unakufa. Lusiana akaelewa mara moja, maana mama yake hununua vyungu gulioni kwa kuvigonga hivyo hivyo.

Baiskeli ikaisha. Timu moja ya Arusha ilikuwa imemwona Bashiri akishindana Mtwara kwa baiskeli ya kuazima, ikamwambia aje na yake wamjaribu. Lakini kabla ya Arusha kulikuwa na Mnero. Kishika uchumba cha kwanza mjomba alikirudisha. Safari ya pili Bashiri alikuja mwenyewe akiendesha baiskeli ile mpya, vumbi mpaka kwenye nyusi. Saturnini aliitazama kwa muda, akasema fedha hazimwambii kitu, maana fedha ukizitoa unatafuta nyingine.

"Niachie hiyo iwe chombo cha posa," alisema, akiinyooshea fimbo. "Kaniletee wazee wako Jumapili. Hapo nitajua umerudia baiskeli au umemrudia binti."

Bashiri aliiegemeza ukutani, akaipapasa siti, akaenda barabarani kutafuta lori la kumrudisha Ruangwa. Hakugeuka nyuma. Lusiana alisimuliwa hayo akiwa dukani. Kama hujawahi kupendwa namna hiyo, msomaji wangu, pole. Na kama umewahi, unajua kwa nini wiki ile alikuwa akiwapa wagonjwa dawa huku anatabasamu mwenyewe.

Sasa Jumapili ilikuwa imefika. Bashiri alikuja na baba yake mdogo, mzee Twaha, mtu wa maneno machache. Walikaribishwa kwenye mkeka mpya. Ua ulijaa: shangazi, binamu, majirani, bibi mzaa mama aliyewekwa kwenye kiti chenye mto. Mikorosho iliyozunguka nyumba ilikuwa imeanza kutoa maua na hewa ilinuka salfa iliyopuliziwa. Salamu zilipokwisha Saturnini alisimama. Alisema alikuwa amekataa, kila mtu anajua. Alisema amemwona kijana akiacha anachokipenda na kuondoka kwa miguu. Ndoa itafungwa bomani, kila mmoja atabaki na dini yake, na Mungu aliyewaumba wote wawili ataamua mengine.

"Nimeshindwa," alisema. "Na sijawahi kufurahi kushindwa kama leo."

Vigelegele vikapasua ua. Lusiana alikuwa mlangoni mwa jikoni na beseni la maji ya kunawa, na hakuweza kumwangalia Bashiri kwa sababu alijua akimwangalia beseni litaanguka. Alimwangalia hivyo hivyo. Bashiri alikuwa akimtazama yeye tu, macho yamejaa maji, mwanamume mzima, mbele ya wakwe. Laiti mambo yangeishia hapo.

Mjomba akainua mkono, watu wakanyamaza. Kumbe alikuwa na zawadi. Akamwita Kasmiri, fundi baiskeli wa kijijini, naye akatoka nyuma ya ghala akisukuma baiskeli iliyofunikwa kanga. Kanga ikavutwa.

Nyuma ya baiskeli kulikuwa na keria. Keria ya nondo, ile ya kubebea magunia, imepakwa rangi nyekundu inayong'aa.

"Baiskeli isiyo na keria ni ya mtu asiye na mke," Saturnini alisema. "Sikulala vizuri nikiiona hivi, haina hata mgongo. Nimemtengenezea mtoto wangu mahali pa kukaa."

Watu wakapiga makofi. Kasmiri, kwa fahari yake, akaeleza kazi ilivyokuwa. Fremu haikuwa na tundu hata moja la kufungia kitu, fremu ya ajabu kabisa, ikabidi atengeneze vibano vya bati nene avibane kwenye mabomba ya nyuma. Na ili keria isicheze alivisha kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, akakaza mpaka mwisho wa nguvu zake. Hata magunia mawili ya korosho, alisema, haitikisiki.

Lusiana alimtazama Bashiri. Alimwona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeumwa na siafu mbele ya wageni. Akashukuru. Akainuka kwenda kuitazama zawadi, akachuchumaa kama anayesifia rangi, na mkono wake ukaingia mfukoni. Lusiana alikwishafika karibu, beseni lake mkononi. Sarafu iligonga bomba la kulia, juu ya kibano.

Mlio ulikuwa umekufa.

Akagonga la kushoto. Nalo vile vile. Wanawake walikuwa wameanza kuimba na hakuna mwingine aliyesikia. Bashiri aliinua macho, akayakuta ya Lusiana, na katika kutazamana kule yalipita mambo mengi: jioni zao zote, Arusha, na yule mzee aliyesimama pale akiwa na furaha ambayo hawajawahi kumwona nayo. Ungemwambiaje? Mtu amekunyima mwaka mzima, leo amekupa kwa mikono miwili, uanze kumwambia kwamba zawadi yake ndiyo iliyoiua baiskeli?

Bashiri aliamua kunyamaza. Hilo nalijua, na Lusiana alilijua pia, kwa sababu Bashiri alisimama na kumshika mzee mkono na kusema asante mjomba, na sauti yake ilikuwa nzima. Baiskeli angeizika kimya kimya. Arusha ingempita. Mke angebaki.

Lakini desturi ya ukoo ule ilikuwa haijaisha. Chombo cha posa kinaporudishwa, mjomba humkabidhi binti kwa chombo hicho. Ingekuwa jembe, wangelima mstari mmoja pamoja. Ilikuwa baiskeli, basi Saturnini akatamka kwamba kijana ampakie mwenzake, waende mpaka kanisani na kurudi, wakirudi chakula kiwe tayari.

Bashiri akaomba watembee. Mjomba akacheka, akauliza keria imewekwa ya nini. Bashiri akasema labda tairi halina upepo wa kutosha. Kasmiri akaliminya, likawa gumu kabisa. Minong'ono ikaanza. Shangazi mmoja alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba huyu anaona haya kuonekana amebeba msichana mwenye rozari shingoni. Bibi akauliza kitu kwa Kimwera na walio karibu naye wakainamisha macho.

Na hapo Lusiana akaweka beseni chini, akafuta mikono, akaenda kukaa kwenye keria.

Alikaa upande, miguu pamoja, kama wanavyokaa maharusi. Mjomba mwenyewe alimshika kiganja. Bashiri alikwishapanda, mguu mmoja bado chini. Lusiana akauweka mkono wake mgongoni mwa Bashiri, akamsukuma kidogo.

"Twende," alimnong'oneza. "Taratibu."

Njia ya kutoka pale uani huteremka mara moja, nayo ina mawe. Bashiri aliyatazama yale mawe. Alihisi uzito wa yule anayempenda ukikaa juu ya mabomba mawili yaliyopondeka, na akasikia, au alidhani amesikia, kitu kikilia chini yake kama ukuni mkavu. Mkono wa Lusiana mgongoni ulikuwa ukitetemeka.

"Shuka, Lusi."

"Sishuki."

Bashiri akashuka yeye. Aligeuka akamkabili mzee, akasema, kwa heshima zote alizokuwa nazo, kwamba baiskeli imevunjika.

"Imevunjika wapi?" mjomba aliuliza.

"Kwa ndani, mjomba. Vibano vimeiponda."

Saturnini akaizunguka. Akainama na macho yake ya kizee, akapitisha kidole juu ya ule weusi uliong'aa, mzima, bila mkwaruzo. Kasmiri akasema amefunga keria za kata nzima na hajawahi kuvunja hata siti ya mtu. Uso wa mzee ulianza kukunjana. Furaha yake yote ilikuwa nje, mbele za watu, na sasa alihisi kwamba anafanyiwa mzaha.

"Kijana," alisema, "kama hutaki kumbeba, sema hutaki. Kama imevunjika, nionyeshe."

Kama angekuwa mtu wa maneno, labda angejieleza. Bashiri hakuwa mtu wa maneno, alikuwa fundi, na fundi ukimwambia akuonyeshe, anaonyesha. Alimshika Lusiana kiunoni akamshusha, huku yule msichana akimwambia, "Usifanye, Bashiri, usifanye." Akailaza baiskeli chini. Akaweka kisigino juu ya bomba, pale juu ya kibano, akakanyaga. Hakupiga teke. Alikanyaga tu kama mtu anayekata kijiti cha kuwashia moto.

Bomba likaingia ndani kwa mlio wa kuchanika. Nyuzi nyeusi zikachomoza.

"Mnaona?" Bashiri alisema, akipumua kwa nguvu, karibu afurahi. "Nilikuwa nasema kweli."

Hakuna aliyekuwa akitazama bomba. Walikuwa wakiutazama mguu wake. Agatha alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mzee Twaha, aliyekuwa mkubwa wa kutosha kujua mila za watu, akafumba macho akasema Innalillahi kwa sauti ndogo. Chombo cha posa hakivunjwi. Kikipotea, wazee huzungumza. Kikiibwa, hutafutwa kingine. Lakini mwanamume akikivunja kwa kiungo chake, mbele ya mashahidi, ameivunja posa yenyewe, hata asipotamka neno. Bashiri alikulia mjini kwenye magereji. Nani angemwambia? Na nani angefikiri kuna haja ya kumwambia mtu asikanyage mahari yake mwenyewe?

Saturnini alipiga magoti. Hiyo ilimshangaza kila mtu. Akavuta kibano kile kilicholegea, akatazama chini yake, na pale akaona bomba lilivyobonyea, duara limekuwa bapa, alama ya bati imezama. Aliishika ile sehemu muda mrefu. Alipoinuka alikuwa amezeeka.

"Umesema kweli," alimwambia Bashiri, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Ni mimi. Lakini hawa wameuona mguu wako. Mkono wangu hawakuuona."

"Basi waambie, mjomba," Lusiana alisema. Hakuwa akilia bado. "Wewe ndiye mwenye neno. Waambie."

"Nitawaambia, watanyamaza. Halafu?" Mzee aliendelea kumtazama Bashiri, kwa sababu hakuweza kumtazama mpwa wake. "Mtoto wako wa kwanza akiugua, watasema ni ule mguu. Mimba ikiharibika, ule mguu. Mvua isiponyesha, watakuja mlangoni kwako. Nimewaona wawili walioolewa juu ya posa iliyovunjika, Lusiana. Mmoja nilimzika mimi."

"Kwa hiyo nilipe mimi."

"Ndiyo, mwanangu," Saturnini alisema, na machozi yakamtoka.

Ingekuwa nafuu kama angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unabeba nguo zako, unaondoka usiku. Lakini utamchukiaje mzee anayelia, aliyekulea tangu baba yako afe, ambaye kosa lake lote ni kwamba alitaka ukae vizuri? Lusiana alitafuta chuki ndani ya moyo wake akaikosa, na hapo ndipo alipovunjika.

Mzee Twaha aliaga kwa niaba ya wote wawili, akatangulia kutafuta pikipiki. Bashiri aliibeba baiskeli begani, keria nyekundu ikining'inia, akashika njia. Lusiana alimfuata. Mama yake alinyoosha mkono kama wa kumzuia, kisha akaushusha.

Walishuka mteremko kati ya mikorosho. Mbele kidogo Bashiri akasimama.

"Ulisikia nilipoigonga?"

"Nilisikia."

"Na ukapanda."

"Nilitaka tutoke pale uani tu," Lusiana alisema. "Mpaka kwenye kona, mahali wasipotuona. Ningeshuka. Tungetembea mpaka kanisani, na wakati wa kurudi ungesema umepata pancha. Nilikusukuma mgongo, Bashiri. Nilidhani umeelewa."

Bashiri akaishusha baiskeli begani.

"Nilidhani unaogopa," alisema.

"Nilikuwa naogopa. Lakini nilikuwa nakwambia twende."

"Isingefika. Ule mteremko, yale mawe. Ungekuwa chini yake."

"Labda."

"Isingefika, Lusi."

"Labda isingefika," Lusiana alisema. "Hatutajua."

Pikipiki ilikuwa imepatikana. Mzee Twaha aliita mara moja, akasubiri. Bashiri akamwambia apande, waende wote sasa hivi, Ruangwa, Arusha, popote. Alisema bila kumtazama, kama mtu anayejua jibu. Lusiana alimwambia kwamba mama yake anaishi kwenye ardhi ya kaka yake, na kwamba jioni ile atabaki katikati ya wale watu peke yake. Akamfuta vumbi shavuni kwa kiganja. Hakuweza kuuondoa mkono ule haraka, na Bashiri aliinamisha uso ndani yake mpaka mzee Twaha akakohoa.

Bashiri alipanda pikipiki, fremu mapajani, gurudumu la nyuma likizunguka lenyewe kwa upepo. Lusiana alisimama mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea kwenye barabara ya Ruangwa.

Alipogeuka kurudi, aliitafuta nyumba kwa macho, akaona mikorosho tu. Akaangalia upande huu na upande ule, na ndipo alipoelewa kwamba walikuwa wamesimama kwenye kona yenyewe muda wote ule. Ilikuwa karibu mno. Kutoka hapo alisikia masufuria yakifunuliwa, na wanawake wakiulizana nani apakue.